Theopista Nyanzala na Siku Aliyosema Ameshiba

Mpendwa wetu Theopista Nyanzala Machibya alizaliwa Mamba, Mpimbwe, mwaka 1980. Hapana, isomeke 1981. Mwaka 1980 ndio baba yake, Machibya, alifika Mpimbwe na ng'ombe kutoka Usukumani, akamwoa Esteria binti Yotham, na mtoto hakutangulia harusi. Basi ni tarehe 14 Machi 1981, siku ya Jumamosi, mvua ikinyesha. Aliyekosea mwaka ni Yotham, babu wa marehemu, aliyeuandika wasifu huu. Aliishia darasa la tatu, na siku hizi akili yake huzunguka sana kabla ya kufika inapokwenda. Mtamvumilia.

Jina la Nyanzala, lenye maana ya njaa, lilitoka kwa bibi wa Machibya, aliyezaliwa mwaka wa njaa huko Usukumani. Baadaye majirani walisema jina ndilo lililomletea mtoto yaliyompata. Padri Ubaldo akambatiza Theopista. Majirani hawakuridhika, na njaa nayo haikuondoka.

Alizaliwa mlegevu, hakulia, hakunyonya. Shingo haikukaa. Esteria alikamua maziwa na kumdondoshea kwa kijiko, tone kwa tone, miezi miwili na nusu, huku akina mama wa jumuiya wakija kila jioni kusali ili mtoto apende kula. Wengi wao wamo hapa leo. Sala ile ilijibiwa alipofika miaka mitatu. Alikula chake, akala cha wenzake, akaokota makapi chini ya kinu. Akimaliza, alikuwa na njaa ileile aliyoanza nayo. Alinenepa, lakini hakurefuka, na mikono yake ilibaki midogo kama ya mtoto.

Alianza darasa la kwanza Januari 1989 pale kijijini. Mwalimu Verdiana alimpenda kwa sababu aliimba vizuri na hakusahau jina la mtu. Alijifunza kusoma na kuandika jina lake. Mwaka 1991, msimu wa kupanda, alikula mbegu za mahindi zilizokwisha kupakwa dawa. Mtu mwingine angetapika. Yeye tumbo lake halikujua kutapika. Alipona baada ya siku tisa, na wazazi wakaamua abaki nyumbani, mahali ambapo mama yake angemwona.

Kazi yake ilikuwa kusuka mikeka. Vile vidole vidogo viliupenda ukindu, na akiwa na mkeka mkononi aliweza kukaa saa mbili bila kuuliza chakula. Mwaka 1993 familia ilihamia Kakese ili kuwa karibu na hospitali ya mjini Mpanda. Yotham naye akafuata, akawa anafunga mikeka ile kwenye baiskeli na kuizungusha Litapunga na kwingineko. Kila aliporudi, mjukuu wake hakuuliza mikeka imekwendaje. Aliuliza, "Babu, huko ulikula nini?" Yotham alipaswa kusimulia kitu kimoja kimoja, na kama alikula samaki, samaki wenyewe walikuwa wangapi.

Nyumbani chakula kilifungwa. Kila jioni Esteria aliziba mdomo wa kihenge cha mpunga kwa udongo mbichi, akabandika kiganja chake juu yake ili alama ya mkono ibaki. Asubuhi akiukuta mkono umevunjika, alitia punje ya hindi kwenye kibuyu. Watu walimwona ni mwanamke mwenye roho mbaya. Shangazi wa marehemu, Suzana, dada yake Machibya, alimwambia mbele za watu kwamba hata mbwa wa Machibya wanakula bila kuhesabiwa. Esteria alipima kibaba kimoja cha mchele, akakipika, akampa mwanawe sahani yake, akakaa naye hadi machozi yakauke. Ya mwanawe, na yake.

Agosti 1994 Daktari Melkior wa mjini Mpanda alichukua damu ya Theopista ikapelekwa ng'ambo. Majibu yalirudi baada ya miezi minane. Ugonjwa huo ni wa nadra, mtu huzaliwa nao, uko katika chembe za urithi, na unaitwa kwa majina ya Wazungu wawili waliouandika. Si jina la bibi wala si laana, na mama hakukosea kitu. Esteria aliomba maneno hayo ayasikie mara mbili.

Daktari alikuwa pia na karatasi ya kupimia njaa, yenye maswali kumi na moja, kila moja na alama kuanzia moja hadi tano. Akinyimwa chakula hukasirika kiasi gani? Ni vigumu kiasi gani kumsahaulisha? Kwa wiki huamka mara ngapi kutafuta? Hapo Esteria alifungua fundo la kanga, akamwaga punje za hindi mezani. Zilikuwa arobaini na moja, za miezi mitatu. Daktari alizihesabu mwenyewe, akasema hata huko ng'ambo hajaona kipimo kama hiki.

Kulikuwa na swali la werevu, yaani mgonjwa anatumia akili kiasi gani ili kupata chakula. Esteria akasimulia kwamba kuna wiki nzima mkono wa kwenye kihenge ulikuwa mzima na mpunga unapungua. Kumbe Theopista alikuwa anakula mpunga, anaziba upya, halafu anamwita mdogo wake Dorice, ambaye kiganja chake kilikwisha kufanana na cha mama, abandike mkono. Malipo yalikuwa mkeka wa maua. Daktari alicheka hadi akavua miwani, akaandika tano.

"Tano kati ya tano," akasema.

"Basi huu ndio mtihani wa kwanza mwanangu kufaulu," Esteria akamjibu.

Karatasi ile ilijazwa kila baada ya miezi mitatu, kwa miaka mitatu. Siku moja ya mwaka 1996, baada ya kujaza, daktari alimweka Esteria chini akamwambia jambo moja zito: "Mama, siku atakayokataa chakula, usifurahi. Mlete siku hiyohiyo." Yotham hakuwepo. Alikuwa Litapunga na mikeka. Esteria alilibeba neno lile moyoni, na kwa kuwa halikuonekana kama jambo linaloweza kutokea, hakumwambia mtu.

Marehemu hakuolewa. Lakini harusi aliipenda, na ya Dorice aliisukia mikeka minne. Ilifungwa Jumamosi tarehe 20 Juni 1998, mpunga ukiwa umeshavunwa. Asubuhi ile Esteria alimpimia binti yake sahani, akaifunika, akaikabidhi kwa Yotham. "Baba, leo mimi ni wa Dorice. Macho yako yote yawe kwa Theo."

Yotham alikaa naye vizuri hadi saa saba. Kisha wakafika watu wa Mamba ambao hakuwa amewaona tangu ahame, akainuka kuwasalimia, na salamu za Mamba haziishi upesi. Wakati huo Suzana alimshika Theopista mkono akampeleka nyuma ya jiko la harusi. Amesema mwenyewe, na ameruhusu lisomwe: alimpa ukoko wa sufuria mbili kubwa, na nyama, na mchuzi, akamwambia, "Kula, mwanangu, leo nawe ule kama watu." Hakumpa kwa ubaya. Alimpa kwa huruma ya miaka kumi na saba, na wengi wetu tungefanya hivyohivyo.

Yotham aliporudi alimkuta mjukuu wake amekaa kwenye mkeka wake mwenyewe, ametulia. Akamfunulia sahani ya mama yake. Theopista akaisogeza pembeni kwa kile kimkono kidogo.

"Babu, sitaki. Nimeshiba."

Neno hilo hakuwahi kulitamka tangu azaliwe. Yotham alilia kwa furaha. Aliwaambia wazee, wazee wakawaambia akina mama, vigelegele vikapigwa, na kuna waliosema kwamba baraka ya harusi ya mdogo imemgusa dada. Esteria alikuwa ameshapanda gari kumsindikiza bi harusi Litapunga. Yotham akaona habari hiyo aitunze, amsalimie nayo akirudi.

Jioni Theopista alijilaza. Tumbo lilikuwa gumu, lakini hakulalamika, maana ugonjwa ule huficha hata maumivu. Jumapili asubuhi alikataa uji. Yotham akamfunika shuka, akamwacha apumzike.

Esteria alirudi Jumapili saa kumi. Babu alimpokea kwenye njia, mikono juu. "Mama Theo, mtoto amepona. Ameshiba, tangu jana."

Esteria aliweka mzigo chini. Aliuliza, "Tangu jana saa ngapi?"

Walimpeleka mjini kwa trela la trekta. Daktari Melkior na wenzake walimpasua na kufanya kila walichoweza, lakini tumbo lilikuwa limepasuka kwa ndani tangu jana yake. Alifariki Jumanne tarehe 23 Juni 1998, saa nne asubuhi, mkono wake ukiwa ndani ya kiganja cha mama yake. Aliishi miaka kumi na saba, miezi mitatu na siku tisa.

Ameacha baba yake, Machibya. Mama yake, Esteria. Mdogo wake, Dorice, na mumewe, Kassiani. Shangazi yake, Suzana, ambaye tunaomba asinyooshewe kidole na mtu yeyote. Na babu yake, Yotham. Ameacha pia mkeka mmoja ambao haukufika nusu. Leo tumemlaza juu yake. Nyie mliosali apende kula, salini tena, Mungu amlaze mahali pasipo na njaa.

Esteria alimwambia Yotham, "Baba, hukujua." Ni kweli, hakujua. Lakini kuna jambo ambalo karatasi ile ya maswali kumi na moja haikuliuliza, na Yotham alimuuliza Daktari Melkior palepale kwenye korido, naye akaishika kalamu yake akaitazama. Alimuuliza Padri Ubaldo, naye akamshika bega. Anawauliza na nyie mliokusanyika hapa: mtoto yule aliposema ameshiba, je, walau kwa siku hiyo moja, alikuwa ameshiba kweli?