Koti Jipya la Qiu Dehai

Basi letu la kwenda Tiexi, mtaa wa viwanda vya zamani, lilikuwa linapita mahali palipokuwa na kiwanda cha shaba, siku hizi maghorofa matupu, wakati mama aliyekaa mbele yangu alipomgeukia jirani yake mwenye kasha la rangi.

"Mwalimu Tong, umenisahau? Mimi mke wa Qiu Dehai, yule uliyemchora."

"Mama! Nitamsahauje? Picha yake iko makumbusho, watu wanaitazama wanalia."

"Nilikwenda. Na mimi nililia, ila kwa hasira."

Waliokuwa wakitafuna mbegu za alizeti wakaacha. Mimi nilishaacha zamani.

"Siku ile alinyoa ndevu, akavaa koti jipya, akasema picha ikipendeza ndiyo tutakayoiweka msibani kwake. Wewe ukamwambia alivue, avae ovaroli chafu. Alipofariki, tukakuza picha ya kitambulisho."

"Mama, mimi nachora ukweli. Watu walitupwa nje ya viwanda kama makapi. Ningemchora na koti jipya, nani angejua?"

"Koti lilikuwa lake, mwalimu. Ovaroli ilikuwa ya kiwanda kilichokwisha kumfukuza. Sasa hapo uongo ni upi?"

Mchoraji akawa anakwangua rangi iliyokauka kwenye ukucha. Ningekuwa yeye, ningeshuka hata kabla ya kituo.

"Basi nitakuja kwako, mama. Nitamchora upya, na koti lake."

Basi likasimama. Mama akainuka, akashika mfuko wake wa kabichi.

"Koti lipo," alisema. "Utamvalisha nani?"