Magoti ya Mama Mshonaji

Mama mshonaji alirudi kwenye basi amelowa chapachapa, akakaa kando ya bwana mmoja mwenye viatu vinavyong'aa.

"Umeshuka mpaka chini kwa miguu?" bwana akauliza. "Mbona maporomoko ya maji yanaonekana vizuri tu pale juu, gari linapoegeshwa?"

"Yanaonekana, baba. Lakini wanangu walisema magoti haya hayafiki hata sokoni, nikaona niyapeleke yakajionee."

"Maji ni maji, mama. Mimi nimepiga picha, nimeona kila kitu."

Mtu mkavu utamweleza nini? Mshonaji akaukamua mtandio wake bila haraka. Maji yakamwingia bwana ndani ya kiatu, akashtuka.

"Baridi, eh?" akasema mama. "Hiyo haikutokea kwenye picha."

Basi liliposimama alishuka wa kwanza, magoti yakilia kama bawaba, kichwa juu.