Mwalimu Onsongo na Divisheni Yake ya Uwanjani

Mwalimu Onsongo amefundisha historia hapa shuleni kwetu, juu ya Keroka, miaka ishirini na nane. Anastaafu Ijumaa hii, tarehe thelathini na moja Julai.

Kila mtu amesoma hapa anajua ile divisheni yake. Ilikuwa ya jeshi la Wajerumani, vita vya kwanza vya dunia, askari wa akiba. Watu wazima, maseremala na makarani, wenye bibi na watoto. Walikuwa wamemaliza jeshi wakarudi nyumbani, halafu wakaitwa tena. Walipelekwa kupigana na Wafaransa, wakahamishwa kwa Warusi, wakarudishwa. Wakiisha, wengine wanaletwa. Mwisho waliletwa vijana hata ndevu hawana. Jina la divisheni lilibaki lile lile, lakini watu wa kwanza hakuna.

Hakuifundisha darasani. Alipanga kidato cha tatu kwa uwanja wa mpira, anasoma vita moja moja, wenye wamekufa wanakaa kwa nyasi, kidato cha kwanza wanajaza nafasi. Sisi wa kufyeka nyasi ya shule tulikuwa tunazima mashine tuone. Siku moja kijana anaitwa Ochoki alichoka kukaa.

"Mwalimu, mimi nilikufa kitambo, si nirudi?"

"Tulia, Ochoki. Maiti haina swali."

Uwanja wote ulicheka. Na historia walipita.

Mwaka jana kijana wake wa kuzaa, Momanyi, aliambiwa kuna kazi ya kulinda stoo ng'ambo. Kufika, akapewa bunduki, akapelekwa kwa vita si yetu. Alipigia baba yake simu mara moja tu. "Tata, wenye nilipata hapa wameisha. Sasa ni sisi." Tangu hapo simu haiingii.

Muhula huu Mwalimu alipanga divisheni tena. Alisoma vita zote mpaka kengele ikalia. Hakuambia mtu hata mmoja akae.

Wazee wa ukoo wanamwambia azike mgomba, vile watu hufanya mwili ukikosa. Alikuwa anakataa. "Nikizika mgomba, nani atamtafuta?" Lakini mama ya kijana, Bathsheba, hali, halali. Jumatatu Mwalimu alikuja kwa stoo yetu kuomba majembe. Akasema kuzika ni Jumapili. "Chimbeni refu. Momanyi ni mrefu."

Mwalimu, asante kwa watoto wote umetufundishia. Tunawatakia wewe na mama angalau usingizi. Jumapili tutakuja mapema. Na ukibadilisha nia tukiwa tumeshachimba, tutafukia na hatutauliza.