Chips za Nyumba Kubwa

Benchi la nje ya duka la Mathew la kutengeneza redio, pale Kapsoit, halikosi watu wala hasira. Mvua ya saa nane ikianza, wazee hujibanza chini ya mabati, Chepkurui huwamiminia chai, nao hulaumu kila kitu: bei ya majani, barabara, vyama vingi na jinsi vinavyogombana. Jumamosi hiyo hasira yote ilikielekea kikaangio cha stima kilichokaa katikati ya benchi. Mwenyewe alikuwa Nyamwange, waliyemwita Kuki kwa sababu alipika miaka kumi na tisa katika nyumba ya meneja wa shamba la chai. Wiki iliyopita meneja alifunga virago akarudi kwao, akamwachia mashine hiyo iwe asante. Kwa Nyamwange hakuna stima, ndiyo maana alikuja kuomba soketi ya Mathew. Kesho asubuhi binti yake, Moureen, anaenda chuo cha ualimu, naye alimwahidi kwamba hataondoka kabla hajaonja chips za nyumba kubwa. Viazi vilikuwa tayari vimekatwa. Mashine ndiyo ilikataa kupata moto.

– Washa tena, alisema Kimeli. Huyu ni Boila, aliyechochea moto wa boila la kiwanda cha chai mpaka akastaafu.

– Nimewasha mara sita! Hata taa haiwaki.

– Basi ni stima. Hii yetu inapitia kwa viwanda kwanza. Ikifika hapa imechoka.

– Imechoka wapi? Mathew alifoka, kwa maana soketi ilikuwa yake. Alichomoa kikaangio, akachomeka redio, nayo ikapiga kelele mpaka kuku wakatimka. – Hiyo ndiyo imechoka?

– Redio inakula kidogo, bwana. Hiyo ingine inakula kama mtu wa mjengo.

– Wacha niseme ukweli, Mathew alisema, na Kuki usikasirike. Huyo meneja alikupatia mzoga. Hawa watu hawawezi kukupea kitu kizima. Alitoa roho ya hiyo mashine akaweka kwa begi. Saa hii iko kwa ndege!

– Si kutoa, alisema Boila. Wameifunga. Ikivuka geti ya shamba, inajizima yenyewe. Wanajua mpaka mahali imelala.

– Hiyo geti msiniambie, Chepkurui alidakia, birika mkononi. Nikichuna chai huko walikuwa wananipekua mpaka ndani ya kitambaa ya kichwa. Eti natafutiwa majani! Majani iko hata nyuma ya choo yangu!

Damu ilimchemka Nyamwange. Kama mashine ilikuwa mzoga, basi ile asante nayo ilikuwa mzoga, na miaka kumi na tisa ilikuwa nini?

– Nyamazeni! Hii nimeisugua na mkono yangu kila jioni. Haijanikataa hata siku moja. Kule nilikuwa namimina mafuta, nawasha, inashika.

– Unamimina? Chepkurui aliinama akachungulia ndani. Hii utamimina aje, na imeganda hivi?

Nyamwange akatazama. Kule kwa meneja mafuta yalikuwa ya maji, yakitoka kwa mtungi. Haya aliyapimiwa dukani, akayachota kwa kijiko, na kwa baridi ya Kapsoit yalikuwa magumu kama sabuni. Katikati yake chuma cha kupasha moto kilibaki uchi, kimebadilika rangi. Masikio yalimwaka kwa aibu.

– Mpishi wa nyumba kubwa! Mathew alicheka mpaka akakohoa.

– Wewe nyamaza, ulisema roho iko kwa ndege, Boila akamkata. Chuma imekosa mafuta ya kuishika, ikajichoma, ikajizima. Boila ikikauka inafanya hivyo hivyo. Lazima iko na kitufe ya kuirudisha.

Mafuta yalichotwa yote, Chepkurui akayayeyusha kwa jiko lake huku akinung'unika. Mashine ilipinduliwa, na kweli, chini yake palikuwa na kitufe chekundu, kidogo sana. Boila alikidunga kwa njiti ya kiberiti. Ta! Walipomimina mafuta na kuwasha, taa ikawaka.

– Nilisema! walipiga kelele wote watatu, hata Mathew, bila haya.

Moureen alifika chips za kwanza zikichujwa, kichwa kimefunikwa kwa karatasi ya plastiki.

– Habari zenu, wazee.

Baba yake alimpa sahani kwa mikono miwili. Alikula moja, halafu ya pili, polepole.

– Ni tamu vile ulikuwa unatuambia, Baba. Nilikuwa nafikiria ni hadithi tu.

Nyamwange alitabasamu mpaka macho yakafumba.

– Na kule, zikibaki, ni nani alikuwa anakula?

Boila akaangalia mvua. Chepkurui akainua birika amimine, likawa tupu, akaendelea kuliinamisha.

Nyamwange alijua jibu. Walikuwa mbwa wawili, kila mmoja na sahani yake, na aliyewawekea pale kwenye ngazi ya jikoni kila jioni, kabla ya kwenda kupekuliwa getini, alikuwa yeye mwenyewe. Alizisogeza chips zote zilizobaki kwenye sahani ya binti yake.

– Kula, mama. Hizi hazibaki.