Maisha ya Bi Soma-Tena, Mfungashaji wa Programu za Mto

Wafiwa wenzetu, majirani na nyote mliofika kutusitiri, familia imempa mdogo wake marehemu, fundi cherehani, kazi ya kuwasomea maisha ya dada yake, naye ameikubali kwa sababu marehemu hakumzoesha kukataa.

Marehemu, ambaye kazini mlimwita Bi Soma-Tena, alizaliwa Jumanne tarehe 14 Machi 1972, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha sabuni, mtoto wa kwanza wa fundi bomba na mkunga, na kwa ushahidi wa mama yake alianza kubishana kabla hajaota meno. Alisoma shule ya msingi kuanzia 1979 hadi 1985, sekondari hadi 1991, na mwaka 1996 akahitimu shahada ya hisabati.

Tarehe 2 Septemba 1996 aliajiriwa katika kituo cha kompyuta cha chuo kikuu, kazi yake ikiwa kufungasha programu za wanasayansi, zile ambazo hazifiki zikiwa tayari, bali hufika kama maandishi matupu, na kompyuta ya anayezipokea ndiyo inayoyageuza kuwa programu, kwa kufuata maelekezo ya mfungashaji hatua kwa hatua. Mwaka 1998 alituma programu ya kukadiria mafuriko kwenye kituo cha kupimia mto, ikagoma, kwa kuwa ilitegemea faili moja lililokuwa kwenye kompyuta yake peke yake, na mpima maji akasafiri siku mbili kuja kumwambia kwamba programu ni nzuri sana, ila ingebidi wamhamishe na yeye, pamoja na meza yake. Alicheka, lakini ilimuuma, na tangu siku hiyo hakutoa kifurushi chochote kabla mtu mwingine hajakisakinisha kwenye kompyuta tupu huku yeye ameketi pembeni, mdomo kaufunga, na aliyeuliza aliambiwa asome tena, na akikwama tena, marehemu alisema kosa ni lake na kuandika upya.

Alifunga ndoa Jumamosi tarehe 9 Oktoba 1999 na fundi umeme, mwanamume mvumilivu aliyekubali hata jiko lake la gesi libandikwe maelekezo yenye namba, wakajaliwa binti tarehe 3 Juni 2001 na mtoto wa kiume tarehe 19 Novemba 2004.

Tarehe 6 Februari 2023 aligundulika kuwa na saratani ya kongosho, wakati vituo arobaini na kimoja vya mto vikisubiri toleo jipya kabla ya mvua, toleo ambalo yeye peke yake ndiye aliyejua kulifungasha, na wenzake walipoleta kinasa sauti wodini ili awasimulie yote, aliwarudisha nacho, akasema anayekufa huondoka na mdomo wake. Badala yake aliomba kompyuta tupu, akamwita mdogo wake, ambaye hakujua kompyuta hata inawashwa wapi, akampa karatasi ya maelekezo. Mdogo wake alikwama hatua ya nne, akaona aibu, akadhani anampotezea dada yake siku zilizobaki, kumbe maelekezo yalidhani kompyuta tayari ina programu ya kutafsiri msimbo, yaani ile inayogeuza maandishi matupu kuwa programu, jambo ambalo halikugundulika kwa miaka ishirini na mitano kwa sababu waliojaribu wote walikuwa watu wa ofisi ileile, na kompyuta zao zote, hata zile walizoziita tupu, zilikuwa nayo. Marehemu alicheka mpaka muuguzi akaja kumkemea, kisha akaandika. Mara ya pili mdogo wake alikwama hatua ya kumi na moja. Mara ya tatu, Alhamisi tarehe 18 Mei, alifika mwisho bila kuuliza neno, na namba za jaribio zikalingana zote na za marehemu.

Aliaga dunia Jumapili tarehe 21 Mei 2023, saa tisa alasiri, akiwa ameshikwa mkono na mumewe.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomvumilia, majirani waliopika na kulala nasi, na wafanyakazi wenzake, ambao jana Jumatatu, huku wakilia, walisambaza karatasi ile, vituo vyote arobaini na kimoja vikasakinisha, na simu ya marehemu, ambayo mdogo wake alishinda nayo mkononi ikiwa na chaji, haikulia hata mara moja.

Dada, pumzika kwa amani, hakuna aliyekwama.