Lango la Saa Tisa

Mchungaji Haskell, shemeji yetu Earlene, Paula Jean na wajukuu, majirani wa Mabry, na ninyi wavuvi mliokuja na kofia zenu mikononi, familia imemtuma mdogo wake marehemu, Lamar Tedder, awasomee historia hii, naye anaomba mkae vizuri, kwa sababu karatasi ni ndefu na marehemu aliagiza isifupishwe hata mstari mmoja. Aliagiza pia kwamba milango ya kanisa isifungwe leo mpaka atakapofika mtu wa mwisho, kwa hiyo mnaoona baridi vumilieni, na bwana wa gari la mazishi ambaye amekwishauliza mara mbili tutaondoka saa ngapi aende akanywe kahawa, iko tele huko nyuma.

Marehemu Royce Alton Tedder alizaliwa siku ya Jumanne, tarehe 9 Novemba 1948, mtoto wa kwanza wa Alton na Vesta Tedder, katika nyumba ya mbao iliyokuwa bondeni kwenye shamba la pamba, nyumba ambayo leo iko chini ya Ziwa Chewasha, maana mwaka 1952 serikali ya hapa Mississippi ilifunga bwawa, ikakata miti ya bonde lote kwa haraka, ikaacha visiki, na maji yakapanda juu yake. Mama yetu alizoea kusema kwamba maji yale yalichukua jiko lake na siku moja yangerudi kuchukua kitu kingine, nasi tulikuwa tukimcheka.

Alianza masomo katika Shule ya Msingi ya Mabry mwaka 1954 na kumaliza sekondari tarehe 27 Mei 1966, na katika miaka hiyo kumi na miwili hakuchelewa hata siku moja, jambo ambalo kwalo walimu walimpa cheti na wanafunzi wenzake wakampa majina ambayo hayafai kusomwa kanisani.

Mwaka 1967 aliajiriwa katika kiwanda cha mashati, akawa msimamizi wa saa ya kuingilia kazini, kazi aliyoifanya miaka thelathini na mmoja, na wapo hapa akina mama waliokatwa nusu saa ya ujira kwa sababu yake. Mmoja alimlilia, "Royce, dakika moja tu jamani, mtoto alikuwa na homa!" naye akamjibu, "Pole sana dada yangu, lakini saa haijui homa." Watu walimchukia Jumatatu, na Ijumaa walimpelekea ugomvi wao awaamulie, kwa kuwa hakuwa na mpendwa wala adui mbele ya saa ile, na kiwanda kilipofungwa mwaka 1998 waliing'oa ukutani wakampa, akaenda nayo nyumbani.

Alifunga ndoa na Earlene Stribling katika kanisa hili hili, tarehe 12 Juni 1971, saa nane kamili mchana, bibi harusi akiwa amefika saa nane kasoro dakika tano kwa kuogopa yatakayompata, na Mungu aliwajalia watoto wawili, Wendell, aliyezaliwa tarehe 3 Aprili 1974, na Paula Jean, aliyezaliwa mwaka 1978. Wendell alikuwa mtoto wa maji, mcheshi, mchelewaji wa kila kitu, na baba yake alimpenda kupita alivyoweza kusema, naye Wendell mwaka 2001 akamwoa Darla Coker, binti aliyeweza kutupa ndoana kati ya visiki viwili gizani bila kuinasisha.

Mwaka 1999, akiwa hana kazi, marehemu alianzisha mashindano ya kuvua krapi, yule samaki wa madoadoa ambaye kila nyumba hapa humkaanga, na mwaka wa kwanza zilikuja boti kumi na nne, zawadi ikiwa bunduki ya zamani na kambare wa kukaanga kwa wote. Kanuni aliziandika mwenyewe kwa mkono, nazo mnazijua kwa moyo, watu wawili kwa boti, samaki saba tu kwenye mizani na wote wawe hai, simu zote ziachwe kwenye boksi gatini ili mtu asielekezwe samaki walipo, mshindi akae mbele ya mashine ya kupima uongo, na mwisho ile ya kumi na mbili, kwamba lango la gati linafungwa saa tisa kamili alasiri na atakayekuwa nje yake, awe nani, samaki wake hawapimwi.

Tarehe 27 Machi 2004 ndipo jambo hili lilipoanza, ingawa siku ile tuliliona ni sherehe. Ndugu wawili kutoka Arkansas, Otis na Verlon Pickard, waliopendwa kuliko wavuvi wote, walifika langoni saa tisa na dakika tisa wakiwa na samaki ambao kila mtu aliona wazi ni wa kushinda, na nyuma yao walikuwa wanaikokota boti ya mzee mmoja aliyezimikiwa na injini katikati ya mawimbi. Watu walipiga kelele, "Wafungulie, Royce! Wameokoa mtu!" na mdhamini wa kwanza mkubwa, bwana wa kampuni moja ya boti, alikuwa amesimama pale na kamera yake, akisubiri kuona haya ni mashindano au ni mchezo wa kijiji. Marehemu aliitazama saa ya kiwanda, aliyokuwa ameitundika juu ya mizani, akasema, "Wamefanya vizuri sana, na wamechelewa. Saa ni saa."

Nasi, Mungu atusamehe, tukapiga makofi. Tulipenda. Mwaka uliofuata mdhamini alichapa maneno yale kwenye kofia, SAA NI SAA, boti zikawa themanini, kisha mia na hamsini, kisha mia mbili na kumi na mbili, mashati ya washindani yakajaa majina ya kampuni mgongoni mpaka kwapani, watu wakaja na viti vyao kutoka majimbo manne, na kila mvuvi aliyekuja alikuwa amejifunza jambo moja kutoka kwa akina Pickard, kwamba ukisimama njiani umekwisha. Verlon Pickard hakurudi tena Chewasha, na siku anaondoka alimwambia marehemu, bila hasira, "Mzee Royce, umewafundisha vizuri, omba usije ukawa wewe unayepunga mkono."

Jumamosi tarehe 12 Machi 2011 upepo uligeuka saa saba mchana ukaanza kuvuma kutoka kaskazini, na yapata saa nane na robo boti ya Wendell na Darla, namba 71, ilipanda juu ya visiki pembeni mwa mkondo wa mto wa zamani, mahali ambapo boti zote za upande wa juu lazima zipite zikirudi. Injini ikiwa imezimwa kanuni haikumlazimisha mtu kuvaa jaketi la kuokolea, na Wendell alikuwa amelivua ili ainame anasue panga la injini lililokwama kwenye kisiki, wimbi likaingia kwa nyuma, boti ikalala upande, wote wawili wakawa majini, Darla ameshika ubavu wa boti na Wendell ameshika kisiki. Walipunga mikono, na boti kumi na moja zikapita.

Hakuna aliyepita akiwa na moyo wa kuua, jamani, hilo familia inalijua. Kila mmoja aliona mkono, kila mmoja akatazama saa yake, kila mmoja akajiambia kwamba Wendell anasalimia kwa utani wake, au kwamba wa nyuma atasimama.

Saa tisa kamili marehemu alifunga lango kwa mkono wake, akatazama orodha, na mbele ya namba 71 akaandika, kwa mwandiko wake mzuri wa kiwandani, "Wamechelewa." Kisha akaendelea kupima samaki, kwa sababu kamera zilikuwa zinazunguka, na wengine walimsikia akitania, "Huyu mwanangu angechelewa hata mazishi yake." Ilipofika saa tisa na dakika arobaini aliuliza kwa kipaza sauti, "Nani amemwona Wendell?" na watu mia nne waliosimama pale wakatazama viatu vyao, na marehemu alisema baadaye kwamba hapo ndipo alipoelewa kila kitu kabla hajaambiwa chochote.

Darla alitolewa majini saa kumi na moja kasoro dakika kumi, hai, na Wendell alipatikana Jumapili asubuhi akiwa na umri wa miaka thelathini na sita, katika maji yaliyofunika shamba la babu yake. Boti ilikuwa imekwama kwenye visiki, nusu juu ya maji, na ndani ya tangi lake samaki saba walikuwa bado wanaogelea, wakubwa kuliko wa mshindi, na marehemu aliwashika mmoja mmoja kwa mikono yake akawaachia ziwani, hakukubali wapimwe. Darla alimwambia daktari kwamba alizihesabu boti zilizopita, na kwamba Wendell aliachia kisiki baada ya boti ya tisa. Marehemu alipokwenda hospitali kumwona, Darla alimwambia neno moja tu, "Baba, wewe ndiye uliyewafundisha," akageukia ukutani, na toka siku ile hajamsemesha mtu yeyote wa nyumba yetu.

Mwaka 2012 marehemu aliandika kanuni mpya, kwamba boti itakayosimama kusaidia itarudishiwa muda wake, wadhamini wakasema itafungua mlango wa udanganyifu, wakamshukuru kwa utumishi, wakamweka mtu mwingine, na kofia zinauzwa mpaka leo. Kila Jumamosi ya mashindano, kuanzia hapo hadi mwaka 2019, alikwenda na boti yake kuukuu mpaka kwenye visiki vile, akakaa asubuhi hadi jioni na kamba mapajani, bila fimbo ya kuvulia, na hakuna hata mmoja aliyezimikiwa na injini pale miaka yote hiyo.

Mwishoni mwa 2019 mapafu yake yalianza kuharibika, akalazwa mara tano katika miaka mitano iliyofuata, na usiku wa Jumatatu tarehe 3 Februari 2025 alimwita Lamar, akamtuma afungue kasha la ndoana lililokuwa chini ya kitanda, na ndani yake kulikuwa na bahasha iliyofika kwa posta mwaka 2013, bila barua, karatasi moja tu yenye namba za boti kumi na moja kwa mwandiko wa Darla, zimepangwa kama zilivyopita. Marehemu alisema, "Ya nane, Lamar." Ya nane ni 38.

Namba 38 ilikuwa boti ya Lamar Tedder, baba mdogo wa Wendell, aliyembeba Wendell siku ya ubatizo wake, na ambaye siku ile alikuwa na samaki wazuri kuliko aliowahi kupata maishani, akafika langoni saa tisa kasoro dakika nne, akashika nafasi ya nne, akapewa kofia. Marehemu aliijua karatasi ile miaka kumi na miwili, na miaka kumi na miwili, kila Jumapili, alimkatia Lamar nyama mezani kwake akamuuliza kama imetosha. Lamar alipolia, marehemu alisema, "Usinililie mimi, kasome ya kwako mbele ya watu, za wengine waachie wenyewe wazisome, na mwite Darla, na mlango usifungwe." Alifariki kesho yake, Jumanne tarehe 4 Februari, saa kumi na moja alfajiri, saa ya kiwanda ikiwa imesimamishwa kwa mkono wake mwenyewe.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliompa pumzi kadiri walivyoweza, majirani walioleta vyakula na kukata kuni, na wenzake wa kiwandani na wa ziwani, na hapa karatasi iliandikwa iishe, lakini ninawaona baadhi yenu mnatazama viatu vyenu, nanyi mnajua namba zenu kama ninavyoijua yangu. Mimi ndimi Lamar. Niliuona mkono wa Wendell, nikamjua kwa shati lake, nikapita.

Mchungaji, tia saa yako mfukoni tafadhali. Ninajua ni saa tisa na dakika tisa, na ninajua gari lililosimama nje ni la nani, kwa kuwa mwenye gari nilimpigia simu mimi mwenyewe na sikujibiwa. Msigeuke, mpisheni njia. Karatasi yako ninayo hapa, binti yangu, na kipaza sauti ni chako, useme namba unazotaka kusema.

Pumzika, kaka, tumeacha wazi kama ulivyotaka. Ingia, Darla. Hujachelewa.