Mashine Nne, Waya Mmoja

Asubuhi ile Vidole Kumi, mpiga chapa wa mtaa, alifika kijiweni akakaa kwenye benchi bila hata salamu. Mkasi, kinyozi, na Breki, dereva mstaafu, wakajua mambo si shwari. Alipewa kahawa, ikampolea mkononi. Dukani kwake kompyuta zote nne zilikuwa nyekundu kioo kizima, zikiandika kwamba mafaili yamefungwa. Humo ndimo kilimokuwa kitabu cha Bibi Mkunga. Miezi mitatu bibi alisimulia, yeye akichapa, majina ya watoto wote aliowapokea duniani.

— Wadukuzi hao, alisema Mkasi. Wamepita kwenye nyaya za umeme.

— Umeme si ulikatika juzi? aliuliza Vidole Kumi.

— Ndo walipopata upenyo! Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone.

— Sasa hapo nani kapona?

— Asikupotezee muda, alidakia Breki. Kompyuta ni injini. Umeizima ikapoa?

— Mara sita, kaka.

— Basi ni setilaiti. Zinapita juu zinanyonya maandishi kidogo kidogo. Haba na haba hujaza kibaba.

— Kibaba cha nani tena?

— Cha wenye setilaiti, we vipi!

Vidole Kumi alishika kichwa. Kila walichosema kilimzidishia kizunguzungu.

Mara Bibi Mkunga akatokea, miwani shingoni, tayari kwa kazi. Benchi zima likamwamkia.

— Shikamoo, bibi.

— Marahaba, wanangu. Mbona mmenuna hivyo?

Vidole Kumi akamweleza yote. Bibi alisikiliza hadi mwisho.

— Iliyoanza kuugua ni ipi?

— Ile kuukuu ya kona. Kila siku iliniomba niiwekee kinga mpya, nami nikibonyeza “baadaye.”

— Na hizo nyingine?

— Nimeziunga nayo kwa waya, zichangie printa.

— Yaani mgonjwa unamjua, ukamlaza kitanda kimoja na wazima?

Mkasi alimtazama Breki. Breki akachungulia kikombe chake, kumbe kimekwisha.

Bibi akasogezewa nafasi, akakaa.

— Basi, mwanangu. Shika kalamu, tuanze upya.

Vidole Kumi akafungua daftari upesi. Bibi akafumba macho. Midomo ikamchezacheza.

— Yule mtoto wa kwanza kabisa, aliuliza, alikuwa nani vile?